Ngamia Aliyevikwa Kanzu ya Baba

Ibra, Oman, Ijumaa baada ya sala, Mfungo Saba

Dada yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada, tena shikamoo ya kupiga magoti, maana leo nina jambo la kukwambia na mkono wangu una haraka kuliko adabu. Lakini kwanza nikuulize wewe. Goti lako la kushoto limepoa? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule mwalimu aliyekuja kuhani imekufika, au kaichua yeye njiani? Na paa la jikoni, mvua za vuli zimeliachaje? Sisi huku hatujambo sote, Alhamdulillahi. Mke wangu Asya kanenepa kidogo, na akijua nimekuandikia hivyo silali na chakula. Baridi mwaka huu imekuwa kali mpaka bomba la uani asubuhi halishikiki. Nnakukumbuka ulivyokuwa ukinifunika kanga mbili nikiwa na homa. Huku kanga mbili hazifui dafu, tunalala na mablanketi ya Kichina yenye picha za simba.

Katika barua yako umeniuliza mambo mawili. La kwanza, posa ya Suleiman imefikia wapi. La pili umeliuliza kwa kuzunguka, kama kawaida yako kwa jambo linalokuuma: "Huko ulikokwenda, umempata hata mmoja anayemjua baba?" Dada, mambo hayo mawili yamepata jibu moja. Kaa kitako vizuri, mwambie huyo anayekusomea avute kiti, nikuhadithie.

Unajua kwamba mwanangu Suleiman, sasa karani hospitali hapa Ibra, alimtaka Shamsa, binti wa jirani yetu Bwana Hamed mwenye duka la nguo na viungo. Asya na mama wa binti walishaelewana zamani, ulikuwa umebaki ukubwa wetu sisi wanaume. Nikaenda mwenyewe kwenye sabla yao, yaani ile baraza ya ndani wanayokaa wanaume kunywa kahawa na kuzungumza mambo ya mtaa. Bwana Hamed akanipokea vizuri, akanilisha tende, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Salum, mwanao simtii dosari. Anasali, ana kazi, na sijamuona akizurura na redio kaseti begani kama wenzake. Lakini nyinyi mlioshuka na ndege kutoka Zinjibar, kila mmoja anasema babu yake alikuwa mtu wa hapa. Mimi nataka mtu mmoja tu, asiyekuwa wa kwenu, aniambie: huyu baba yake Salum nilimjua, au nilisikia kwa aliyemjua. Mmoja tu."

Nikamwambia, "Baba yangu ni Khalfan bin Rashid, wa upande wa Bidiya. Aliondoka mdogo, yatima."

"Kina Rashid huku ni wengi kuliko mitende," akasema, na wazee pale wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na wote wana mtoto Zinjibar!"

Hakuwa na ubaya, dada. Nami ningekuwa na binti ningeuliza. Lakini nilirudi nyumbani nikawa sina hamu ya kula. Nilikuwa nimeshatafuta. Nilikwenda Bidiya, nikaenda Al Qabil, nikauliza misikitini. Nyumba ya babu kuta zake za udongo zimerudi kuwa udongo. Yule ami aliyemtoa baba apelekwe bandari ya Sur alikufa zamani na hakuacha mtoto. Kila mzee niliyeelekezwa kwake nikaonyeshwa kaburi lake. Suleiman akawa hapiti tena njia ya dukani kwa Bwana Hamed. Anazunguka mtaa mzima kwenda kazini.

Na mimi kilichonikaa kooni si posa peke yake. Ni yale maneno ya baba ya siku yake ya mwisho. Wewe ulikuwa umemshika mkono, mimi nimekaa miguuni, akasema, "Huko hapana ajuaye kama nilikuwako." Hakulalamika, alisema kama mtu anayetaja saa. Ndiyo maana posa ile iliponikwama nilisikia kama Bwana Hamed kamthibitishia marehemu maneno yake.

Unakumbuka hadithi yake ya ngamia? Vipi utasahau. Kwamba alipopelekwa Sur akapande chombo, ngamia waliyempandisha alizaa njiani, na upepo ulikuwa wa baridi, na mtoto wa ngamia akawa anatetemeka mpaka meno yanasikika. Baba naye mtoto mdogo akavua kanzu yake akamvika. Barazani Kikwajuni walimfanya kichekesho. Akipita na deli lake la kahawa, wanamuita: "Khalfan! Ngamia wako leo kavaa kanzu au suruali?" Naye anacheka nao, anawamiminia. Lakini nyumbani hajapata kuibadilisha hadithi ile hata neno.

Sasa basi. Mimi hapa, kama unavyojua, ni dereva wa lori la maji la serikali. Nnajaza tangi Ibra, nnawapelekea mabadui pembezoni mwa milima ya mchanga, huko visima vyao vimekauka au vimekuwa vya chumvi. Kambi moja nnayokwenda ni ya mtu anaitwa Musallam, anakaa na mama yake mzee, Bibi Moza, na wake na wajukuu. Bibi Moza anavaa barakoa usoni kama zile walizokuwa wakivaa bibi zetu wa Kiarabu Unguja, na nyuma ya barakoa ile kuna ulimi, dada, Mungu anisamehe, mfano wa kisu cha kuchinjia.

Siku yangu ya kwanza kwao nilijiaibisha. Kwa mabadui, khabari zina adabu yake. Mgeni anakaribishwa, anakaa, anaulizwa, "Hakuna khabari?" Naye hata kama nyumba yake imeungua nyuma yake, anajibu, "Hakuna, ila kheri." Zinaletwa tende, inaletwa kahawa, na baada ya hapo ndipo anapotoa khabari zake zote kwa utulivu, hakatizwi. Mimi sikujua. Musallam aliponiuliza, "Hakuna khabari?" nikamjibu kama ningemjibu mtu wa Darajani: "Ziko tele bwana we! Gurudumu limepasuka, maji yamemwagika, na njia yote imefukiwa na mchanga!"

Bibi Moza akasema, "Huyu kazaliwa na khabari mdomoni. Mpeni tende azibe."

Toka siku ile kila nikifika ananiita Mwenye Khabari. "Mwenye Khabari kaja. Ficheni masikio."

Mwezi uliopita nikafika kwao asubuhi, upepo unapiga kutoka kaskazini, nikawakuta wote wamekusanyika nyuma ya hema. Ngamia jike kazaa alfajiri. Mtoto kasimama na miguu yake mirefu, kila mguu una shauri lake. Nikasema mashaallah kwa sauti, hilo nilikuwa nimeshafundishwa. Musallam akanitilia kahawa, nikakaa pembeni na kikombe changu kungoja wamalize ndipo nifungue maji.

Kwa Bibi Moza maziwa ya mwanzo hayanywi mtu mpaka ngamia atajwe asili yake. Watoto wote wa kambi huitwa wakae chini wasikilize, na kesho yake huulizwa mmoja mmoja, anayekosea jina hapati maziwa. Watu tunahesabiwa kwa baba, lakini ngamia wanamhesabu kwa mama, na mama wa mama, kwenda nyuma mpaka aliyezaliwa kabla hajazaliwa bibi wa msemaji. Na kila jina lina tukio lake limefungwa humo. Nnakwambia dada, mwaka wa njaa, mwaka wa vita, nani alimuoa nani, nani alikufa na kiu na kisima gani kilikuwa karibu, yote yamo ndani ya ngamia.

Bibi Moza akaweka mkono juu ya shingo ya mtoto, akaanza, hasomi mahali, macho kafumba:

"Huyu ni binti wa Rimal, mvumilivu wa kiu. Rimal binti wa Hamama, aliyeibiwa akauzwa Nizwa akarudi peke yake. Hamama binti wa Barka, aliyepewa shangazi yangu aende naye kwa mume. Shangazi akakataa mume, Barka akarudishwa."

"Shangazi je?" akauliza mtoto mmoja, anajua jibu.

"Shangazi alibaki na ulimi wake. Nimeurithi mimi. Nyamaza." Watoto wakacheka. Akaendelea: "Barka binti wa Ghazala, aliyekunywa kisima kizima mwaka wa ukame. Ghazala binti wa Wadaa. Wadaa aliyezaliwa njia ya Sur, siku ya upepo wa baridi, akavikwa kanzu ya yatima."

Dada, nilikuwa na kikombe mkononi. Huku ukitaka kusema kahawa imetosha, hutamki, unakitikisa kikombe. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, basi Musallam akaona nimetosheka, akakichukua. Mimi nikabaki nimeshika hewa.

Nikasema, "Bibi, yatima gani?"

Akafumbua macho. Hapendi kukatizwa. "Yatima wa Rashid. Khalfan. Ami yake alimtoa apelekwe Zinjibar, na babu yangu ndiye aliyempakia. Ngamia wetu akazaa njiani. Mtoto wa ngamia akashikwa na baridi, yule mtoto wa watu akavua kanzu yake mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Babu akamwambia, utakufa wewe kwanza. Akasema, mimi nnakwenda kwenye joto. Kwa hivyo tukamwita yule ngamia Wadaa, kwa kuagana. Wewe Mwenye Khabari kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu huyo ni baba yangu."

Unadhani alinirukia akanikumbatia? Wapi! Akasema, "Akina Khalfan wana watoto wengi. Haya niambie. Alipofika Sur alikuwa kavaa nini?"

Dada, wewe unalijua jibu, na nnajua hapo ulipo umeshika mdomo. Lile alilotuhadithia siku ya mvua kubwa, akatuapisha tusilitoe nje, maana barazani wangemmaliza. Nikamwambia yule bibi kwa sauti ndogo, wasisikie watoto, "Alikuwa kajifunga mtandio wa kike. Wa manjano. Mabaharia walimuita binti mpaka Unguja."

Bibi Moza akakaa chini kwenye mchanga. Akasema, "Ulikuwa wa bibi yangu. Aliutia rangi mwenyewe. Alifuatana na babu, akamfunga yatima, yeye akarudi kutoka Sur kajitanda gunia, wakamcheka kambi nzima." Halafu akasema, "Hilo hatulitaji tunapohadithia. Tumelificha kwa heshima ya yule mtoto. Analijua wa kwetu na wa kwake tu."

Akapangusa chini ya barakoa. "Toka mimi mdogo, nikifika hapo nnasema: akapanda chombo, na khabari zake ziko kwa Mola. Mama yangu alisema hivyo hivyo. Tulikuwa hatuna mwisho wake."

Basi akageuka akampigia kelele mwanawe: "Musallam! Tandika upya! Lete tende, zile nzuri si hizo! Huyu amekuwa akija hapa hajafika. Leo ndiyo kafika."

Wakatandika upya. Nikakaa kama mgeni wa siku ya kwanza, na Bibi Moza akakaa mbele yangu akaniuliza, si kwa mzaha, "Hakuna khabari?"

Nikamjibu, "Hakuna, ila kheri."

Nikala tende. Nikanywa kahawa, na safari hii kikombe nilikitikisa mwenyewe. Halafu nikawapa khabari za baba. Zote, dada, kwa utulivu, wala hapana aliyenikatiza. Alivyofika hana kanzu wala ndugu. Alivyobeba maji ya watu, kisha deli la kahawa, mpaka akawa na kibanda chake. Alivyomuoa mama, na alivyokuwa hakosi sala ya alfajiri hata siku ya mvua. Alivyochekwa na ngamia wake na asiache kuhadithia. Bibi Moza akauliza, "Alipokufa alisaliwa?" Nikamwambia msikiti ulijaa mpaka nje. Akasema Alhamdulillahi, na kambi nzima ikaitikia.

Akaniuliza, "Watoto?"

"Wawili. Mimi na dada yangu."

"Ana jina, au ni dada tu?"

"Zuhura."

Akafumba macho tena, akaweka mkono juu ya mtoto wa ngamia, akaanza upya kutoka Rimal. Alipofika kwa Wadaa akasema: "Akavikwa kanzu ya yatima, Khalfan wa Rashid. Naye akapanda chombo, akafika salama, akaoa, akanywesha watu kahawa, akazaa Zuhura na Salum, akafa Mwislamu na akasaliwa. Na Salum akatuletea maji."

Watoto wakarudia nyuma yake. Jina lako, dada, limetajwa na watoto wa kibadui ambao hawajaona bahari, nao kesho yake waliulizwa, na aliyelikosea hakupata maziwa.

Mimi nilikuwa nikiona mchanga ule kila siku unavyofuta alama. Nikipita asubuhi na lori, jioni nikirudi sioni hata nilipopita. Nikadhani watu wa mahali kama pale lazima wamesahau kila kitu, sembuse mtoto mmoja yatima. Kumbe kwa sababu hapana kinachokaa juu ya ardhi, wamekiweka ndani ya kitu kinachotembea na kuzaa. Sisi tulikuwa na nyumba za mawe na makabati, na tumeacha vingapi nyuma? Siku ile niliendesha lori kurudi Ibra nikijiona nimekaa juu, juu kuliko kiti chake.

Sasa ya posa. Sikumwambia Bwana Hamed kitu. Niliona nikienda mimi atasema khabari za Salum zimetoka kwa Salum. Lakini mabadui wanakuja sokoni kuuza mbuzi, na siku moja nimesimama na lori nikasikia sauti ninayoijua inatoka dukani kwake. Bibi Moza kasimama mbele ya marobota ya vitambaa, na fimbo yake ya ngamia mkononi, na watu wamejaa mlangoni.

"Wewe ndiye Hamed uliyetaka mtu mmoja?" anamuuliza. Kumbe Musallam alishasikia mtaani.

"Ndiye mimi, mama."

"Basi mtu ndiye mimi. Ukitaka na ngamia, yuko nje."

Akamsomea. Kutoka Rimal mpaka Wadaa, na kutoka Wadaa mpaka kwako na kwangu, yote ila mtandio. Bwana Hamed kasimama na mita yake ya mbao mkononi, hapimi kitu. Yeye ni mtu wa hapa, anajua kuwa mabadui katika nasaba ya ngamia hawaongezi wala hawapunguzi, maana anayesema uongo hapo haaminiwi tena kwa kununua wala kuuza wala kuoa. Alipomaliza, Bwana Hamed akasema taratibu, "Mama, nasaba za watu nimezisikia nyingi zimetiwa chumvi. Za ngamia sijapata."

"Basi msalimie mwana wa mwenye kanzu," akasema Bibi Moza, "kasimama hapo nje kwenye lori lake, anajifanya anatazama gurudumu."

Bwana Hamed akatoka, akanishika mkono mbele ya soko zima, akaniita kwa jina la baba: "Ibn Khalfan, tuleteeni mahari." Nikaitikia kwa kichwa. Jioni ile Suleiman alipita njia ya dukani kwenda na kurudi, tena bila sababu.

Nikaha Inshaallah mwezi wa Rajabu. Nnataka uje. Nimeshazungumza na bwana mmoja anayeshughulikia safari, na goti lako tutalibeba sisi. Kuna watu jangwani wanataka kukuona una sura gani.

Na moja la mwisho. Yule mtoto wa ngamia hakuwa na jina. Bibi Moza alisema jina nitoe mimi, ni haki ya watu wa kanzu. Nikafikiri majina yote ya Kiarabu yanayofaa ngamia, sikupata. Likanitoka la kwetu: nikamwita Karibu. Wakaniuliza maana yake, nikawaeleza kuwa ndilo neno la kwanza alilolisikia baba aliposhuka bandarini Unguja, hana kanzu, na mtu asiyemjua akamfungulia mlango. Wakalipenda. Sasa jioni ukipita na lori unawasikia watoto wanaita huko juu ya mchanga, "Karibu! Karibu!", na ngamia anashuka mbio kwa miguu yake mirefu.

Siku nyingi zijazo, dada, mimi na wewe tutakuwa tumeshakwenda mbele ya haki, na mtoto atauliza pale kwa nini ngamia wao wana jina la ajabu. Basi watamhadithia.

Nipelekee salamu kwa mjomba wetu mshona viatu, mwambie miwani yake inakuja. Kwa jirani yako mpika vitumbua, aliyekuwa akinipa vya kuungua nikiwa mdogo. Kwa mama mkwe wangu na wanawe. Kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kama bado yu hai, nnamuombea kila sala. Na kwa wale waliobaki barazani Kikwajuni, wasomewe barua hii, taratibu, ila mahali pa mtandio parukwe.

Ijumaa hii nenda makaburini kwa baba. Muombee dua, kisha muinamie umwambie, kwa maneno hayo hayo: kanzu yake haikupotea. Imevaliwa mpaka leo.

Mdogo wako anayekupenda,
Salum, mwana wa mwenye kanzu